Maji ya Mzee Silwamba

Wajukuu zangu mliohitimu uganga na uuguzi mwaka huu, mlipokuja kunisalimia mliniuliza nilitibu magonjwa gani enzi zangu. Niliwajibu kwa kifupi kwa kuwa mlikuwa na haraka ya gari, na tangu mmeondoka najilaumu. Sasa nimekaa na kalamu. Magonjwa niliyoyaponya kwa mkono wangu ni machache. Kazi yangu hasa ilikuwa kujua nani anaishi na mgonjwa, nani anaweza kumgusa na nani hawezi, nani atapeleka barua hospitali na nani ataleta jibu. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Hadi leo kuna asubuhi naamka nikipapasa ukutani, nautafuta mkoba wangu.

Mkoba wenyewe ulikuwa wa ngozi, kufuli lake limekufa, nikaufunga kwa bandeji. Ndani mlikuwa na aidini, sabuni ya kaboliki, mkasi, pamba na shashi. Harufu ya kaboliki sijaisikia miaka mingi na naitamani kama wengine wanavyotamani tumbaku. Natamani pia baridi ya mwezi wa saba kwenye barabara ya Tunduma, vumbi likiwa bado limelala, na akina mama mashambani wakiita, "Dresa! Dresa!" Ndivyo tulivyoitwa, madresa, kwa sababu kwenye barua ya ajira kazi yetu ilikuwa kufunga vidonda. Zahanati yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, mali ya serikali ya wenyeji chini ya Mwene, chifu wetu, na tulikuwa wawili tu: mimi Kibona, mtoto wa Mbebe kule milimani Ileje, na mkuu wangu, Bwana Ambakisye.

Ambakisye alikuwa mtu mfupi, mnene, mpole kwa wagonjwa na mkali kwangu. Mwezi wa kwanza alinituma kumwona kiwete mmoja ambaye, kwa maelezo ya jirani zake, alikuwa hajainuka mkekani tangu mavuno. Nikaenda kwa baiskeli, kofia kichwani, na kaptula yangu ya kaki iliyopigwa pasi. Nilipotokeza kwenye uwanja, kiwete aliruka, akapita mlango wa nyuma na kuingia shamba la ulezi, na mimi na baiskeli yangu sikuuona tena mgongo wake. Alidhani mimi ni tarishi wa boma nimekuja kukusanya watu wa kuchimba barabara. Nilimsimulia Ambakisye nikitaka acheke, naye alicheka hadi akashika meza, kisha akasema:

"Kesho utakwenda kwa miguu, bila kofia, mkoba mbele. Na imba wimbo wa kanisani ukiwa bado mbali, watu wajue anayekuja ana shida gani."

Kwa hiyo ninyi mnaonifahamu kama mzee wa kwaya, huko ndiko nilikoanzia. Jambo jingine alilonifundisha ni kutofungua bandeji kabla ya kuuliza habari za nyumba. Nani anapika uji? Nani anachota maji? Mgonjwa akitaka kwenda haja, anamwita nani? Niliyakariri maswali hayo kama katekisimu. Nilichokosa ni subira ya kusikiliza majibu.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Silwamba. Alikuwa Mnyamwanga, mjane, nyumba yake mwendo wa saa mbili kutoka zahanati. Alikuwa na ukoma wa siku nyingi. Vidole vya mikono vilikuwa vimejikunja na kufupika, macho yalikuwa yanafifia, na mguu wa kulia ulikuwa na kidonda kwenye unyayo alichokigundua kwa harufu, kwa maana mguu ule haukuwa na hisia hata kidogo. Ungeweza kuuchoma sindano naye akaendelea kukusimulia habari za vita. Dawa tuliyokuwa nayo wakati huo ni mafuta ya sindano, mazito, yanauma, na sina hakika yalimsaidia nani. Kwa kidonda cha namna ile tulitegemea kuosha, kufunga na kupumzisha mguu kila siku.

Mwanawe wa pekee, Joeli, alikuwa amevuka mpaka kwenda migodi ya shaba. Nyumbani alibaki mke wa Joeli, Namwinga, msichana mrefu mwenye sauti ya chini. Siku ile ya kwanza alisimama nyuma ya ghala la mahindi, amenipa bega. Nikamwagiza kwa sauti ya kiserikali:

"Kila asubuhi chemsha maji, tia chumvi, mwoshe mzee mguu maji yakiwa ya moto, umfunge shashi safi. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana dresa."

"Utafanya?"

"Ndiyo, bwana dresa."

Mzee Silwamba alikuwa akitazama vidole vyake. Nikaandika kwenye daftari: nyumbani yupo mtu wa kumhudumia. Nikarudi nikiimba kweli safari hii.

Ninyi mmekulia mjini, labda hamjui uzito wa nilichokifanya. Kwa Wanyamwanga, na kwetu Wandali ni zaidi, mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hamgusi, hamtaji jina, haingii alimolala. Mama yangu mzazi nilimwona mara nyingi akitupa mzigo wa kuni na kujitosa majanini kwa kuwa babu yangu ametokeza njiani. Nilijua, tena nilijua vizuri. Lakini nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nina cheti, nikaona kidonda ni kidonda na mambo ya ukwe yatasubiri. Naye Namwinga angefanyaje? Mtu wa serikali hajibiwi hapana mbele ya uso wake. Aliniitikia kwa heshima, nami nikaichukua heshima ile kuwa ni jibu.

Niliporudi baada ya wiki mbili niliambiwa na harufu kabla sijafika. Mguu wa mzee ulikuwa umebabuka kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo, ngozi inaning'inia, na kidonda cha zamani kilikuwa kimefunguka hadi mfupa. Mzee alikuwa ameketi mlangoni akinikaribisha kwa furaha, kwa sababu hakuwa na maumivu yoyote.

Namwinga ndiye aliyenieleza, akiwa nyuma ya ghala lake. Kila asubuhi alichemsha maji kama nilivyoagiza, akayaweka kizingitini, akajificha. Kwa vile hakuruhusiwa kusema na baba mkwe wake, alisema na kuku. Walikuwa na kuku mmoja mweupe asiye na mkia, akizunguka hapo mlangoni. Namwinga alisema kwa sauti, "Wewe kuku, maji yako tayari. Wewe kuku, shashi ziko juu ya kigoda." Mzee akasikia, akatoka, akajiosha mwenyewe kwa vidole vile na macho yale. Siku moja mtoto wa jirani aliita kutoka kisimani kwamba ng'ombe wameingia shambani, Namwinga akaweka beseni moja kwa moja kutoka motoni na kukimbia. Mzee akatumbukiza mguu, akatulia nao humo, akiona raha kuwa leo hakuna haraka.

"Nimemuunguza baba," alisema. Alikuwa akilia bila sauti, nikaona tu mabega.

Nikisema sikumlaumu nitakuwa nawadanganya. Tulimleta mzee zahanati kwa machela, vijana wanne wa kanisa wakiwa wamekata miti mipya ya kubebea kwa kuogopa kugusa kitu chake, na Namwinga akafuata mbali nyuma na unga kichwani. Ilibidi kumpeleka hospitali ya misheni, siku moja na nusu kwa machela, na barua kwa daktari. Nikaandika kwamba mgonjwa ameunguzwa na mkwewe kwa uzembe. Ambakisye akaisoma, akaichana vipande vinne mbele yangu.

"Andika upya."

"Niandike nini, bwana?"

"Andika kwamba dresa aliagiza maji ya moto kwa mguu usiosikia moto. Andika kwamba hakumwonyesha mtu kupima maji kwa kiwiko. Andika kwamba alimkabidhi mgonjwa mtu asiyeweza kumgusa, na alijua."

"Daktari atanifukuza."

"Huenda. Lakini akisoma ya kwanza atamtafutia dawa mkwe, na mkwe si mgonjwa."

Niliandika upya. Daktari hakunifukuza. Alimkata mzee nusu ya mbele ya ule mguu na kumtunza kwa zaidi ya miezi miwili, kisha akatuma jibu fupi: anaweza kurudi kwake ikiwa kuna mikono ya kumwosha kila siku, mikono yenye hisia, na macho ya kutazama. Kama haipo, apelekwe kambi ya wakoma. Kambi hiyo ilikuwa mbali sana, na waliokwenda huko kutoka kwetu hatukuwahi kuona hata mmoja akirudi. Tulipewa mwezi mmoja wa kujaribu, tukamrudisha nyumbani.

Mzee alipoambiwa, kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa. Aliunguzwa hakuogopa, alikatwa hakuogopa.

"Joeli nilimwambia atanikuta hapa mlangoni," alisema. "Hajui kusoma, nami sijui kuandika. Mkinihamisha, akija atamwuliza nani? Nifungeni kwa kamba hapa hapa, mwanangu, lakini msinihamishe."

Ndipo nilipofanya kosa la pili, dogo, la kipumbavu. Nikiwa na mwinjilisti wetu nilimwendea Namwinga, tukamhubiria kwamba mambo ya ukwe ni ya kale, kwamba mbele za Mungu yeye ni binti wa mzee. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Ndiyo." Nilikuwa nimeshajifunza maana ya hiyo ndiyo. Na mzee kutoka ndani akafoka, "Mnataka mwanangu arudi akute mkewe ameutazama utupu wa mguu wa baba yake? Afadhali kambi!" Ambakisye aliposikia aliniuliza nimekuwa Mzungu tangu lini.

Jibu lilitoka kwa Namwinga. Alikuja zahanati mwenyewe, saa mbili kwa miguu, siku ya tatu ya mwezi wetu wa majaribio. Ng'ambo ya kijito kilichokuwa chini ya shamba lao walikaa watu wa ukoo mwingine, hawana udugu nao. Huko kulikuwa na mwanamke aitwaye Nakamba. Mume wake alikuwa mchukuzi wa mizigo barabarani, haonekani nyumbani, na baba mkwe wake alikuwa amepooza upande mmoja, hageuki, mgongo umeota vidonda vya kulala. Nakamba naye alikuwa akiweka beseni mlangoni.

"Yule mzee wa Nakamba si mkwe wangu," alisema Namwinga. "Naweza kumgeuza, naweza kumwosha. Na huyu wangu si mkwe wa Nakamba."

Ambakisye alisimama akampa mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mgonjwa wala mkubwa yeyote.

Nakamba hakukubali upesi. Aliogopa ukoma, na nani angemlaumu? Ambakisye alikwenda naye hadi kwa Mzee Silwamba, akamwosha mguu mbele yake kwa mikono mitupu, akanawa kwa sabuni, akala naye ugali. Kisha akanyoosha vidole vyake kumi, vinene, vyote kamili. "Nimewaosha wakoma miaka kumi na miwili," alisema. "Hesabu." Nakamba alivihesabu kweli, kimoja kimoja.

Niliwafundisha wote wawili pamoja, na safari hii nilifundisha polepole. Kupima maji kwa kiwiko, kwa sababu kiganja cha mwanamke wa jikoni kimezoea moto na kinadanganya. Kutazama kati ya vidole. Kumgeuza aliyepooza kwa kuvuta shuka badala ya mkono. Fundi mmoja wa Tunduma alimkatia mzee kandambili za tairi la lori, ndani tukatia blanketi kuukuu, ya kulia fupi kuliko ya kushoto. Mzee alizipenda hadi akalala nazo.

Basi kila asubuhi, jua likichomoza, Namwinga alishuka kutoka huku na Nakamba akashuka kutoka kule, wakakutana kijitoni. Hapo wakasimama kidogo, miguu majini, wakapeana habari.

"Wako alikula?" aliuliza Namwinga.

"Alikula, ila anakohoa. Na wako jana nimeona wekundu pembeni mwa kidonda, mwambie dresa."

Nami nikajifunza kuacha kwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda kijitoni. Nilikaa juu ya jiwe na daftari langu, nikaandika waliyoyasema, na kama palikuwa na la daktari, barua ikaondoka siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, wajukuu zangu, kwa wanawake wawili waliolowa hadi magotini. Mwezi wa majaribio ulipita, daktari akaandika mzee abaki. Baadaye tulifanya vivyo hivyo kwa nyumba nyingine, hadi Ruanda huko Mbozi nilikohamishiwa muda fulani, na kila mahali nilitafuta kwanza kijito chao kiko wapi.

Siku moja pale majini nilimwambia Namwinga ukweli kuhusu ile barua ya kwanza, kwamba nilimwandika yeye kuwa mzembe. Ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri. Alisuuza miguu yake, akafikiri.

"Basi tulimuunguza wawili," alisema, akapanda zake kilimani kwa mzee wa Nakamba.

Kuku mweupe aliendelea na kazi. Mambo ya chakula, mvua, habari za kijiji, yote yalipitia kwake. Mzee alimwita Tarishi, na alipoliwa na kicheche, kuku aliyefuata akarithi cheo na jina. Mzee naye akazoea kujibu kwa njia hiyo hiyo. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Tarishi, mwambie aliyepika maboga haya kwamba nimeshiba vizuri." Nyuma ya ghala mtu akacheka kidogo.

Joeli alirudi baada ya vita kuu ya pili kwisha. Miaka saba mzee alikuwa amekaa mlangoni. Wakati huo alikuwa haoni tena kabisa. Nilikuwepo, nilikuwa nikimpa vidonge, maana dawa mpya ya ukoma ndiyo kwanza imetufikia na mafuta ya sindano tulikuwa tumeyatupa bila majonzi. Akaja mtu na baiskeli na sanduku, akasimama uwanjani akasema, "Mukwai, baba," salamu ya heshima kwa lugha ya huko migodini. Mzee hakuinuka. Alinyoosha mikono yake ile mifupi, Joeli akapiga magoti akaweka uso ndani yake, na mzee akaupapasa kwa viganja taratibu, akiutafuta. Nililia, siwafichi. Namwinga alikuwa nyuma ya ghala akizungumza na kuku, maneno mengi, sikuyaelewa.

Tangu siku hiyo Joeli alimwosha baba yake mwenyewe, maana mtoto anaruhusiwa. Namwinga aliendelea kuvuka kijito kwa mzee wa Nakamba, kwa kuwa aliyepooza bado alihitaji mikono. Mzee Silwamba aliishi masika mawili zaidi, akafa kwa kifua, nyumbani kwake, mikononi mwa mwanawe.

Nilikwenda kuzika. Wanaume walikuwa wakitayarisha kumwosha kwa mara ya mwisho, Joeli akiwa mlangoni anangoja maji. Namwinga alitoka jikoni na beseni. Nilimwona akisimama, akakunja mkono wa nguo, akatia kiwiko ndani ya maji, akangoja, akatia tena. Aliliweka kizingitini kama alivyokuwa akifanya tangu ujana wake, akarudi nyuma ya ghala. Tarishi wa wakati huo alikuwa akidonoa pale pale karibu na miguu yake. Namwinga hakumtazama kuku. Aligeuza uso wake kuelekea nyumba alimolazwa mzee, na kwa sauti ambayo sote uwanjani tuliisikia, akasema:

"Baba, maji yamepoa."